Masharti ya mchoro: jinsi cherehani ya miguu inavyozunguka ndani ya kompyuta

Kwenye makundi ya mafundi na wanafunzi wa ufundi mtandaoni kuna swali lisilokoma: ile mitambo ya kwenye video fupi, mikono ya chuma inayosukumana na kuvutana bila kukwama, imebuniwa na mtu au na kompyuta? Wengine huapa kwamba siku hizi unaiambia programu unachotaka, nayo inakutolea mashine. Wengine, hasa waliojifunza kuchora kwa kompyuta zamani, husema hakuna jipya hapo, ni rula na penseli zilizohamia kwenye kioo. Halafu wapo vijana waliokaa na programu yenyewe, wakaona mistari ikibadilika rangi, ukaja ujumbe mwekundu kwamba masharti yamezidi, wakakata tamaa wakafunga.

Wote hao wamekwama mahali pamoja. Hawajaelezwa sharti ni nini kwenye mchoro na linafanya kazi gani. Likieleweka hilo, mengine hufunguka haraka.

Tuanze na maneno. Mfumo wa mikono ni vyuma vigumu vilivyoungwa kwa pini, kiasi kwamba ukisogeza kimoja, vingine hulazimika kufuata. Waipa za gari huendeshwa na mfumo wa aina hiyo. Breki za vyuma za zile baiskeli kubwa za kubebea mizigo ni hivyo hivyo. Cherehani ya miguu, ambayo fundi nguo anaikanyaga barazani siku nzima bila umeme, nayo ni mfumo wa mikono, na ndiyo nitakayoitumia hapa kwa sababu karibu kila msomaji amewahi kuinama akaangalia chini ya meza yake.

CAD ni jina la jumla la programu za kuchora na kusanifu kwa kompyuta. Programu hizo zina tabia mbili. Za aina ya kwanza huhifadhi mstari kama ulivyochorwa: umeanzia hapa, umeishia pale, basi. Ukiurefusha, mistari jirani haina habari. Za aina ya pili, za parametri, huhifadhi pia sababu za mstari kuwa pale ulipo: urefu wake ni milimita 350, ncha yake imegusana na ncha ya mstari ule, umelala sambamba na sakafu. Kila sababu ya namna hiyo ni sharti. Ukibadilisha 350 kuwa 352, programu inatafuta upya mahali pa kila nukta ili masharti yote yawe kweli kwa pamoja.

AutoCAD, ambayo kwa watu wengi kwetu ndilo jina la kuchora kwa kompyuta, ilitoka mwaka 1982 ikiwa ya aina ya kwanza, na masharti ya mchoro iliyapata kwenye toleo la 2010. Kwa hiyo mwalimu aliyejifunza kabla ya hapo ana haki ya kusema alijifunza rula na penseli za kioo. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini wazo lenyewe la masharti ni la zamani kuliko AutoCAD. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza programu aliyoiita Sketchpad kwenye kompyuta ya TX-2. Alichora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga, kisha akaipa michoro masharti: mistari hii iwe sambamba, hii iwe na urefu sawa. Katika tasnifu yake kuna picha ya mikono mitatu iliyoungwa kwa pini. Ilipigwa kwa kuacha kamera wazi sekunde 15 mbele ya kioo huku mikono ikisogea, ili njia za nukta nne za mkono wa kati zionekane. Yaani mfumo wa mikono ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kuchorwa kwa masharti, na sababu yake si ngumu kuiona.

Fikiria mlango. Ukiwa umeegemezwa ukutani kabla fundi hajaufunga, unaweza kuupeleka popote. Ukipigwa bawaba, umepokonywa karibu kila mwendo, umeachiwa mmoja tu wa kufunguka na kujifunga. Ukipigwa misumari pande zote, huo si mlango tena, ni ukuta. Kubuni mfumo wa mikono ni kazi ya kupokonya mwendo hadi ubaki ule mmoja unaoutaka, na sharti ndicho chombo cha kupokonyea.

Chini ya meza ya cherehani

Karibu na sakafu kuna pedeli, bati zito la chuma linaloyumba juu ya mhimili wake. Ubavuni mwa pedeli inapanda fimbo, ya mbao au ya chuma, hadi kwenye gurudumu kubwa la pembeni. Fimbo haijafungwa kwenye kitovu cha gurudumu. Imefungwa kando kidogo, na ule umbali kutoka kitovuni hadi kwenye pini ndio krenki. Ukikanyaga, pedeli inayumba, fimbo inapanda na kushuka, gurudumu linazunguka, na mkanda unapeleka mzunguko juu kwenye kichwa cha cherehani.

Kwenye mchoro yote hayo ni mistari mitatu: krenki, fimbo na mkono wa pedeli, yaani umbali kutoka mhimili wa pedeli hadi pale fimbo ilipofungwa. Fremu ya meza ni mkono wa nne, ila hatuuchori kwa sababu hausogei.

Nimechagua vipimo vya mfano vinavyorahisisha hesabu. Krenki ni milimita 30, fimbo 350, mkono wa pedeli 120. Kitovu cha gurudumu tukiweke kwenye sifuri ya mchoro, na mhimili wa pedeli uwe 120 kulia na 350 chini ya hapo. Kila nukta kwenye mchoro ina namna mbili za kusogea: kulia na kushoto, juu na chini. Mstari una ncha mbili, kwa hiyo una namna nne. Mistari mitatu inakuwa na 12.

Sasa tunapokonya. Ncha moja ya krenki tunaibandika kwenye sifuri: zimeondoka 2, zimebaki 10. Ncha yake ya pili tunaigusanisha na ncha ya juu ya fimbo, hapo ndipo pini ilipo: zimebaki 8. Ncha ya chini ya fimbo tunaigusanisha na ncha ya mkono wa pedeli: zimebaki 6. Ncha ya mwisho tunaipa 120 kulia na 350 chini: zimebaki 4. Tunaandika urefu wa kila mstari, masharti matatu, na imebaki 1.

Ukiifanya hesabu hii kwenye FreeCAD, mojawapo ya programu za parametri, utaiona namba ikishuka pembeni kila unapoongeza sharti. Ikifika 1, shika pini ya krenki kwa kipanya uizungushe. Fimbo itapanda na kushuka, mkono wa pedeli utayumba. Hakuna aliyeiambia kompyuta maana ya cherehani. Imeambiwa urefu wa vitu vitatu na mahali pa pini, na mwendo uliobaki ndio cherehani.

Hapa kuna dhana inayowatesa wanafunzi wengi, kwamba mchoro ambao haujabanwa wote, yaani namba yake haijafika 0, ni mbovu. FreeCAD hugeuza mistari kuwa ya kijani ikibanwa yote. SolidWorks, programu nyingine ya parametri, huonyesha iliyo huru kwa bluu na iliyobanwa kwa nyeusi. Mwalimu anayedai kijani au nyeusi yuko sahihi kwa sahani yenye matundu ya bolti, maana tundu lililo huru ni tundu lisilojulikana lilipo. Kwa mfumo wa mikono mambo ni mengine. Ukiufikisha kwenye 0 umechora fremu. Ukiuacha na 2 umechora kitu kinacholegea. Ukiwa na 1 umechora mashine, na kuulazimisha uwe kijani kwa kubandika sharti lolote ili mradi rangi ibadilike ni kuiua kazi yako mwenyewe.

Ukitaka kijani kwa njia halali, weka sharti la mwisho kwenye pembe ya krenki. Andika 0, kisha 30, kisha 60, endelea hadi mzunguko uishe. Kila namba inakuonyesha cherehani ilivyo katika hatua hiyo. Kuna pia vipimo vya kusoma tu, ambavyo havilazimishi kitu. Weka kimoja kwenye pembe ya mkono wa pedeli kutoka usawa wa sakafu, kisha zungusha krenki. Kwa vipimo vyetu pedeli itashuka kama nyuzi 14.5 na kupanda kama nyuzi 14.5, jumla 29. Badilisha urefu wa krenki uwe milimita 60, na pedeli itayumba takriban nyuzi 60, kitu ambacho hakuna kifundo cha mguu kitakachokivumilia siku nzima. Umeligundua hilo kabla ya kukata chuma, na hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii.

Mahali fundi anapotia mkono

Mwangalie fundi nguo anapoanza kushona. Kabla miguu haijafanya lolote, mkono wake wa kulia hugusa gurudumu dogo la juu na kulisukuma. Wengi hudhani ni mazoea. Ni hesabu.

Katika kila mzunguko kuna mahali pawili ambapo krenki na fimbo hulala kwenye mstari mmoja. Kwa vipimo vyetu, hapo umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ncha ya pedeli huwa 380, yaani 350 na 30 zikijumlishwa, au 320, zikitoana. Pedeli ikiwa hapo imefika mwisho wa kuyumba kwake. Ukanyage kwa nguvu utakavyo, nguvu yote inapita katikati ya kitovu cha gurudumu, na hakuna hata kidogo inayobaki ya kulizungusha. Kama gurudumu lilikuwa tayari linakwenda, uzito wake hulivusha. Kama lilikuwa limesimama, linahitaji mkono. Zaidi ya hapo, kutoka mahali hapo gurudumu linaweza kuondoka kwa upande wowote, na cherehani ikianza kinyume uzi hujisokota au hukatika.

Sasa rudi kwenye mchoro ufanye jambo moja ambalo kila anayejifunza anapaswa kulifanya. Ondoa sharti la pembe kwenye krenki, uliweke kwenye mkono wa pedeli, kwa kuwa kwenye mashine halisi pedeli ndiyo inayoendesha. Ishushe kwa nyuzi 10, kisha 12, kisha 14. Kwa kila namba kuna majibu mawili halali: krenki ikiwa upande huu, au upande ule. Unapokaribia 14.5 majibu hayo mawili yanasogeleana, na mwishoni yanakutana. Ukiandika 15 hakuna jibu, mchoro unakuwa mwekundu. Ukirudi kwenye 14, krenki inaweza kuangukia upande wowote, kwa sababu programu haina gurudumu zito la kuikumbusha ilikuwa inakwenda wapi.

Mimi naliona hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika somo hili. Mahali ambapo hesabu ya kompyuta inakosa uamuzi ni pale pale ambapo mashine ya chuma inakwama, na ni pale pale ambapo fundi asiyejua kompyuta hutia mkono wake. Kwa kazi ya kila siku, basi, endesha mchoro kutoka kwenye mkono unaozunguka mzima, hata kama kwenye mashine halisi nguvu inatoka kwingine.

Kikokotozi kinatafutaje jibu

Kila sharti ni mlinganyo. Kikokotozi cha programu huanza na mahali nukta zilipo sasa, hupima kila mlinganyo umekosewa kwa kiasi gani, husogeza nukta kidogo kupunguza kosa, hupima tena, na kurudia hadi kosa liwe dogo mno. Njia hii ya kukaribia hatua kwa hatua ina mizizi katika kazi ya Isaac Newton. Tabia yake muhimu kwetu ni moja: huridhika na jibu lililo karibu na pale ilipoanzia.

Ndiyo maana mchoro hupinduka ghafla na kumtisha mtu. Chora duara la milimita 350 kuzunguka pini ya krenki, na duara la 120 kuzunguka mhimili wa pedeli. Maduara hayo yanakatana mahali pawili. Pa kwanza, pedeli imelala kama tunavyoitaka, ncha yake ikiwa chini ya gurudumu. Pa pili, mkono wa pedeli umegeukia ng'ambo ya pili ya mhimili na umeinuka. Yote mawili yanatimiza kila sharti. Ukibadilisha kipimo kwa mruko mkubwa, kikokotozi kinaweza kutua kwenye la pili, na watu husema programu ina hitilafu. Programu haijakosea, imeulizwa swali lenye majibu mawili. Dawa ni kuchora umbo la kwanza likiwa karibu na uhalisia hata kabla ya kuandika vipimo, na kubadilisha namba kidogo kidogo.

Na ule ujumbe mwekundu wa masharti kuzidi? Tumeshasema mhimili wa pedeli uko 120 kulia na 350 chini. Umbali wa moja kwa moja kutoka kitovu cha gurudumu ni 370 kamili, unaweza kuuhakiki kwa kanuni ya Pythagoras. Sasa mtu anaongeza sharti la 370 kwa kudhani anauimarisha mchoro. Halina uongo ndani yake, ila halina kazi, na programu itakuambia linarudia yaliyokwisha kusemwa. Kesho atabadilisha 120 iwe 130. Umbali wa kweli utakuwa kama 373.4, sharti la 370 litakataa, na mchoro utakwama. Anayetaka kuiona namba hiyo aifanye kipimo cha kusoma tu.

Kuna wekundu wa namna nyingine ambao una maana kubwa zaidi. Andika urefu wa krenki kuwa 110, kisha izungushe. Itafika mahali itakataa, nayo ni pale krenki inapoelekea kinyume kabisa na mhimili wa pedeli. Hapo umbali kati ya pini ya krenki na mhimili wa pedeli unatakiwa kuwa 370 na 110, yaani 480. Fimbo na mkono wa pedeli hata zikinyooshwa kabisa zinafika 470. Zimepungukiwa milimita 10. Franz Grashof, mhandisi Mjerumani wa karne ya 19, aliliweka hili kuwa kanuni: ili mkono mfupi kuliko yote uzunguke mzima, urefu wake ukijumlishwa na wa mkono mrefu kuliko yote usizidi jumla ya miwili iliyobaki, fremu nayo ikihesabiwa, ambayo kwetu ni ule umbali wa 370. Kwa krenki 30 tuna 400 dhidi ya 470, salama. Kwa 110 tuna 480 dhidi ya 470. Kompyuta imeikuta kanuni hiyo bila kufundishwa, kwa kukosa tu mahali pa kuweka nukta.

Kwa hiyo nani anayebuni? Urefu wa krenki niliuchagua mimi, kwa kufikiria mguu wa mtu. Programu ilinihakikishia kwamba vipimo vinakubaliana. Haikuniambia kama bati la pedeli litavunjika, kama pini italika, au kama fimbo itagonga tindi za gurudumu, kwa kuwa mistari ya mchoro haina unene, uzito wala msuguano. Kinachozunguka kwenye kioo kimethibitishwa umbo lake tu. Mgongano wa vipande hukaguliwa baadaye kwenye umbo la pande tatu, na FreeCAD tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 ina sehemu yake ya kuunganisha vipande. Wanaosema haya ni mambo ya wenye pesa wajue kwamba FreeCAD na SolveSpace, programu nyingine ya kuchora kwa masharti, zote ni za bure, na mchoro wa mistari mitatu hauhitaji kompyuta yenye nguvu.

Kwa anayetengeneza vyuma Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, jaribio la kuanzia ni fimbo. Fimbo ya mbao ikivunjika mteja huletewa nyingine ya chuma bapa, na mara nyingi hukatwa kwa kukadiria. Badilisha 350 iwe 352 uone: pedeli bado inayumba nyuzi 29, ila mwendo wote umehamia chini kwa takriban nyuzi 1, jambo ambalo mteja hatalihisi. Weka 370. Kuyumba bado ni kama nyuzi 29, lakini sasa pedeli inashuka nyuzi 24.5 na kupanda 5 tu, na ncha ya mkono wake inashuka milimita 50 badala ya 30. Kama mhimili uko milimita 45 kutoka sakafuni, pedeli itagonga chini kila mzunguko. Krenki ndiyo inayoamua pedeli iyumbe kiasi gani, fimbo inaamua iyumbie wapi, kwa hiyo unapochonga fimbo mpya pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, usipime kutoka ncha hadi ncha.